Mwalimu Aliyebaki Ibra

Waarabu wa Ibra walimwita Abla, kama wanavyoitwa walimu wote wa kike huku Oman. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Unguja na Pemba tulimwita Bi Mwalimu. Jina alilopewa na wazazi wake nililijua nikiwa mtu mzima, na hata leo nikitaka kulitaja ulimi unakuwa mzito, naona kama ninamvunjia heshima. Basi na hapa nitamwita hivyohivyo.

Nyumba yake na yetu ziligawana ukuta wa uani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa nzito kupita umbo lake. Akianika nguo kwake, sisi watoto tukicheza kwetu, hakuna neno lililompita. Nikisema, "Viatu zangu ziko wapi?" sauti ilikuja juu ya ukuta: "Viatu vyangu viko wapi!"

Mama yangu alikuwa akicheka, akiniambia, "Haya, mjibu mwalimu wako."

Nami nilirudia, kwa unyonge: "Viatu vyangu viko wapi?"

"Ahsante. Sasa vitafute."

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo angetuachia tuseme Kiswahili popote. Wapi! Tukishavuka lango la skuli ya wasichana, ambayo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake, Kiswahili kilikuwa marufuku. Siku moja alinikuta nanong'ona na mwenzangu kwa Kiswahili nyuma ya darasa, akatusimamisha mbele ya ofisi yake mpaka wanafunzi wote wakapita, wakatuona. Nilirudi nyumbani nalia. Alasiri alikuja mwenyewe, akavua viatu, akakaa mkekani karibu yangu.

"Umekasirika?"

"Ndiyo. Wewe mwenyewe unakisema."

"Nakisema kwangu, nakisema kwenu. Sikiliza, mwanangu. Serikali hii ilituita kwa sababu tunajua kusoma na kuandika. Lakini jirani bado anatutazama kama wageni waliokuja jana. Ukisema Kiswahili mbele ya binti yake, atasema hawa Wazinjibari mguu mmoja uko hapa na mmoja uko kwao. Kiarabu chako ndicho kitakachokupa pahala pa kukaa."

"Na Kiswahili?"

"Kiswahili chetu mimi na wewe."

Baadaye ndipo mama aliponieleza kwamba Bi Mwalimu mwenyewe alifika Oman akiwa na Kiarabu cha kusoma Msahafu tu. Hicho cha sokoni na cha wizarani alijifunza Ibra, akiwa tayari anasomesha hesabu na Kiingereza. Alikuwa akiwauliza watoto wa darasa la kwanza, "Hiki nyinyi mnakiitaje?" na wao wakimfundisha kwa furaha, hawajui kwamba mwalimu haulizi kwa kuwapima.

*

Kuondoka kwake Unguja hakukusimulia. Ukimuuliza, alikuwa akijibu sentensi moja: "Serikali moja ilinifukuza darasani, serikali nyingine ikaniita nije kufungua darasa." Baada ya hapo alikuwa akiuliza kama umekwisha kula.

Tulichokijua ni hiki. Baada ya mapinduzi nafasi za skuli za juu kule Unguja zilianza kugawiwa kwa asili ya mtu, naye, ingawa alikuwa wa kwanza darasani, hakupata. Alivuka kwenda Dar es Salaam kwa jamaa, akamaliza masomo huko, akasomeshea huko. Oman ilipobadilika na kuanza kuwatafuta Waomani waliosoma popote walipo duniani, alikuja na mumewe, mtu mpole aliyekuwa fundi wa umeme.

Wenzao wengi walitua Maskat. Hapo palikuwa na barabara, na kazi, na majirani waliojua kupika mchuzi wa pweza, na harusi ambazo watu waliimba nyimbo walizozijua. Wizara ilipomuuliza Bi Mwalimu anataka wapi, alijibu wampeleke kusikokuwa na skuli ya wasichana. Karani alidhani hakusikia vizuri Kiarabu chake, akamuuliza mara ya pili. Akapelekwa Ibra.

Siku za mwanzo walisoma vyumba viwili vya udongo pembeni mwa mashamba ya mitende. Wazee wa mji walikuwa na shaka naye. Mwanamke gani huyu anayeendesha gari mwenyewe? Na kusema kweli aliiendesha vibaya sana. Mbuzi wa Ibra waliijua gari yake, wakiiona walikuwa wakipanda ukutani. Wengine walitaka kwanza wajue yeye ni wa kabila gani, nani atamdhamini, shekhe yupi anamjua. Swali hilo liliwauma wengi katika sisi tuliotoka Afrika, maana mtu asiyekuwa na wa kumshuhudia alipata taabu hata ya karatasi zake. Yeye alikuwa na wa kumshuhudia, lakini mama yangu aliwahi kumsikia akiulizwa sokoni, ile Jumatano soko linapokuwa la wanawake watupu, naye akajibu, "Kabila langu ni wale wasichana thelathini ninaowasomesha. Ukitaka kunijua, mlete na wako."

Yule bibi aliyemuuliza alikasirika, akaondoka. Wiki iliyofuata alimleta mjukuu wake.

*

Kuna kisa kimoja ambacho Ibra nzima ilikijua, na ambacho mimi nilikishuhudia mwisho wake.

Nyuma ya mji mdogo wa Mintirib, mchanga unapoanza, alikuwapo Bedui mmoja na ngamia wake na mbuzi wake na binti mmoja aliyekuwa na akili kama moto. Bi Mwalimu alimwona binti yule sokoni akihesabu kichwani haraka kuliko mwenye duka. Ijumaa yake alimchukua mumewe kwenye pikapu ya kazini, wakenda mpaka kwenye hema.

"Skuli iko Mintirib," akasema yule Bedui, "na mimi niko hapa. Mbuzi wangu hawaijui Mintirib."

"Mbuzi sikuwataka. Namtaka binti yako."

"Nihame kwa ajili ya mtoto wa kike?"

"Kwani wewe huwa unahama kwa ajili ya nini?"

"Maji na malisho."

"Basi na hii ni ya tatu."

Mume wa Bi Mwalimu alikuwa akisimulia kwamba yule mtu alicheka mpaka akajipangusa macho, halafu akachora mchanga kwa fimbo yake. Hakukubali siku ile. Lakini serikali nayo ilikuwa imeanza kujenga nyumba za matofali kwa watu wa jangwani, na kabla mwaka haujamalizika alichukua moja, karibu na skuli. Ndugu zake walipoona mtoto anasoma, nao wakasogea. Leo pale ni mtaa mzima, na maduka, na msikiti, na gereji. Watu wanapita na gari zao za watalii wakielekea kwenye kambi za mchanga, hawana habari kwamba mtaa ule ulianza kwa sababu ya msichana mmoja aliyejua hesabu.

Binti yule alisoma mpaka chuo kikuu. Akawa mwalimu wa hesabu, akapangiwa Maskat, akaolewa hukohuko.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Ibra likizo, nimekwenda kumsalimu Bi Mwalimu, akaja mzee mmoja na fimbo. Nilimmiminia kahawa. Alikunywa vikombe viwili, akakitikisa kikombe kuashiria basi, ndipo akasema:

"Abla, nimekuja kukushitaki, na sina pa kukushitaki ila kwako mwenyewe."

"Sema, baba."

"Jangwani nilimwona binti yangu asubuhi na jioni. Nikahama ili asome. Amesoma, Mungu akulipe kheri. Sasa yuko Maskat, namwona Idi. Ngamia nimeuza. Nikirudi mchangani, wenzangu hawapo, wote wamehamia mjini kunifuata mimi. Nikibaki kwenye nyumba, nasikiliza kiyoyozi. Basi niambie, wewe uliyenihamisha. Nikae wapi?"

Nilimtazama Bi Mwalimu, nikingoja moja ya majibu yake. Alimsogezea sahani ya tende, akasema polepole, "Hilo sikulifikiria, baba. Wallahi sikulifikiria."

Mzee akaondoka, ikasikika adhana ya alasiri. Nilikusanya vikombe, nikaviosha, nikaaga, na Bi Mwalimu hakuniuliza kama nimekula.

*

Mumewe alitamani Maskat. Kila kiangazi, joto la Ibra linapokaza na ndugu zake wanapopiga simu, alikuwa akilianza suala.

"Mke wangu, na sisi tuwe karibu na watu wetu."

"Watu wetu gani? Hawa niliowasomesha ni wa nani?"

"Walimu wapo Maskat wengi. Utapumzika."

"Ndiyo hivyo. Wapo wengi."

Mumewe akafa hajahama, akazikwa Ibra. Bi Mwalimu alistaafu, na mtoto wake wa kiume, aliyesoma chuo kikuu Maskat akabaki kufanya kazi huko, alimjengea chumba na bafu kwenye ghorofa ya chini ili asipande ngazi. Alikwenda kukitazama. Alikisifu sana. Kabla ya magharibi alikuwa ameshapanda gari kurudi.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimwona na mambo mawili yasiyopatana. Darasani alikuwa akitupigia kelele, "Someni mtoke! Dunia haiishi hapo Mudhaibi kwa jirani!" Tukatoka. Msichana mmoja akaenda Maskat, mwingine Sohar, mwingine Salala. Mimi wizara ilinipeleka hospitali ya Nizwa, kwenye chumba cha dawa, na huko nikaolewa. Alhamisi jioni magari yanamiminika kurudi Ibra, vibaraza vinajaa watoto, sufuria za wali zinatolewa. Jumamosi jioni yanaondoka yote, na mji unabaki na wazee, na wafanyakazi wa Kihindi wa madukani, na mitende.

Naye alitukasirikia kwa hilo. "Mmeniachia mji wa wazee," alinambia Jumamosi moja, ninafunga mlango wa gari.

"Bi Mwalimu, si wewe uliyetuambia tutoke?"

"Niliwaambia msome mtoke. Sikuwaambia msirudi."

"Nirudi nifanye kazi wapi? Hapa hapakuwa na nafasi. Nizwa ndiko walikonipa."

Akajizungushia mkononi ncha ya kanga aliyojitanda, akaifungua. "Kweli," akasema. "Nendeni salama. Usikimbize gari."

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Ibra ina vyuo, hospitali imekuwa kubwa, barabara pana inakufikisha Maskat kabla chai haijapoa kwenye chupa. Wachache wamerudi. Yeye alikuwa akiwajua wote waliorudi, nyumba kwa nyumba, na alikuwa akinitajia kwenye simu kama mtu anayetaja waliopona.

*

Nimeandika mpaka hapa bila ya kumtaja Raya, kwa sababu Raya ndiye aliye mgumu kuandikwa.

Raya alikuwa binti yake, wa pili na wa mwisho, na alikuwa rafiki yangu. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakaa dawati moja. Mimi nilikuwa nafaulu kwa kusoma. Raya alikuwa anafaulu kwa kusikiliza. Tangu udogo alitaka udaktari. Paka wote wa mtaa walifungwa bendeji.

Tulipomaliza skuli matokeo yetu yalikuwa mazuri hata serikali ikatupa nafasi sote wawili, yeye ya udaktari na mimi ya ufamasia, Uingereza. Nyumbani kwetu furaha ilidumu mpaka baba aliporudi kazini.

"Msichana wa umri huu, peke yake, kwa Wazungu?" alisema. "Haiwezekani. Asome hapahapa au akae."

Nilikwenda chumbani kulia. Sijui nani aliyempelekea habari, lakini jioni ileile Bi Mwalimu alibisha hodi. Baba alimkaribisha sebuleni, mama akaleta chai ya maziwa. Mimi na ndugu zangu tulisikiliza nyuma ya pazia.

"Kaka yangu," Bi Mwalimu alimwambia baba, "hapa Ibra unamwamini kwa sababu unamwona?"

"Namwamini kwa sababu nimemlea mimi."

"Basi kumlea kwako kutakwisha kwenye uwanja wa ndege?"

Baba alizungusha kikombe. "Bi Mwalimu, dunia mbaya."

"Mbaya. Na sisi tuliitupia watoto wetu bila ya elimu, tukaona ilivyowafanya. Mpe elimu, umwombee dua. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwako."

Walizungumza mpaka chai ya pili. Mwisho baba aliniita, akaniambia niandae pasipoti. Nilimbusu Bi Mwalimu mikono yote miwili. Alinishika kichwa, akanisomea dua, na nikaona machoni mwake jambo ambalo kwa umri ule nilidhani ni machozi ya furaha.

Siku ya pili yake nilimkuta Raya juu ya paa la nyumba yao, anaanua tende zilizoanikwa.

"Baba kakubali!" nilimwambia. "Mama yako ndiye aliyemkubalisha. Tutakwenda pamoja."

"Mimi siendi."

"Nani kakataa? Baba yako?"

"Baba alikuwa tayari. Mama."

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Raya aliendelea kukusanya tende, moja moja, akizipanga kwenye kapu kana kwamba zitavunjika.

"Mama yako huyu?" nikamwambia. "Jana alikuwa kwetu!"

"Najua alikuwa kwenu. Alipotoka kwenu alikuja kwangu, akaniambia nitakwenda Maskat, nitasoma chochote ninachotaka Maskat, lakini sitapanda ndege. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Kwa sababu mimi ni mama yako.' Nikamuuliza tena, akatoka."

Baba yake alijaribu kumsemea, akashindwa. Raya naye alirithi shingo ngumu ya mama yake. Akasema kama si huko alikopewa, hataki pengine popote. Maskat hakwenda. Alikaa mwaka mmoja nyumbani, hafungui kitabu, kisha akaolewa Sur na mtu mwema mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Siku niliyokwenda kuaga nilijipa moyo nikamuuliza Bi Mwalimu, "Na Raya?"

"Raya ana kheri yake," akasema, akanifungia mkebe wa visheti vya safari. Nikajua mlango umefungwa.

Watu wa Ibra walisema mengi. Walisema anawatoa watoto wa wenzake, wake anawafungia. Walisema alijua huko Ulaya kuna nini, ndiyo maana. Wapo wazazi wawili watatu waliowazuia mabinti zao mwaka ule, wakasema, "Abla mwenyewe hakumpeleka wake." Alipozisikia habari hizo alivaa baibui, akenda nyumba kwa nyumba kuwaomba. Wengine walimsikiliza. Mmoja alimwambia usoni, "Anza na wako," na Bi Mwalimu akarudi nyumbani kwa miguu, gari yake akaisahau kule.

Kwa miaka yote iliyofuata Raya alikuja Ibra kwenye Idi na kwenye misiba. Alimbusu mama yake kichwani, akakaa, wakazungumza juu ya watoto, chakula na barabara. Walizungumza kwa adabu, kama watu wawili waliokutana kwenye kituo cha petroli na kila mmoja ana safari yake.

*

Kiangazi cha mwaka jana nilitoka Nizwa asubuhi, nikapita njia ya Sinaw na Mudhaibi, na sahani ya haluwa kwenye kiti cha pembeni. Bi Mwalimu alikuwa amekwisha kudhoofika. Macho yalikuwa yanaona vivuli, na alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuona."

"Siku ya kazi?"

"Nimeomba ruhusa."

Hakuamini, na alikuwa na haki. Raya alikuwa amenipigia simu, akanitaka niwepo. Binti yake mkubwa, Azza, alikuwa amepata nafasi ya serikali kwenda kusomea udaktari Australia. Mume wa Raya hakukataa. Alisema tu, mbele ya ndugu zake wote, "Bibi yake akiridhia, na mimi nimeridhia." Alikuwa mtu mwema na hakutaka kuonekana mkatazaji. Kila aliyekuwapo alijua ameshakataa.

Raya alifika kabla ya adhuhuri, na Azza nyuma yake, msichana mwembamba mwenye miwani. Walisalimiana. Raya hakukaa kwenye kochi. Alikaa chini, mbele ya mama yake, akavuta pumzi.

"Mama, Azza kapata nafasi ya kusoma. Udaktari. Australia. Baba yake anasema neno ni lako."

Bi Mwalimu aligeuza uso kule sauti ilikotoka. "Neno langu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini langu?"

"Wewe unajua kwa nini."

Azza alinitazama, na mimi nikatazama zulia. Nilitamani niondoke lakini Raya alikuwa amenishika pindo la nguo.

Bi Mwalimu alijiweka sawa. Alipoanza kusema hakuzungumzia Australia.

"Siku niliyotoka Unguja," alisema, "mama yangu alinisindikiza mpaka forodhani. Hatukumwambia mtu kwamba nakwenda kusoma. Tulisema nakwenda kumwuguza shangazi. Mama alinitengeneza ushungi, akanambia, 'Soma, halafu urudi.' Nikamwambia nitarudi skuli zikifungwa. Skuli zikafungwa, ruhusa ya kuingia haikupatikana. Mwaka wa pili haikupatikana. Yeye akaomba ya kutoka, akanyimwa. Nilikuwa nimeshafika hapa Ibra, nafunza watoto kuhesabu, aliponijia mtu kunipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Kumbe mama kafa tangu mwaka uliopita, na kila mtu alidhani mwenzake ameshanambia."

Akapapasa, akaupata mkono wa Raya.

"Nilimwona yule," akasema, akinielekea mimi, "nikasema huyu atakwenda, atarudi. Niliwaona wote hivyo. Lakini wewe ulipokuja na ile karatasi unacheka, nikajiona mimi niko forodhani. Nilikuwa na khofu, Raya. Sikuwa na sababu nyingine. Ningekuwa nayo ningekwambia."

Raya hakuutoa mkono wake. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Na mimi ninayo khofu hiyo, mama. Tangu matokeo yatoke sijalala vizuri. Lakini tiketi nimeshakata. Yake na yangu. Nampeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

"Umeshakata? Kabla ya kuniuliza?"

"Kabla ya kukuuliza."

"Na ningekataa?"

"Ungekataa tungekwenda."

Bi Mwalimu alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akanyoosha kiganja. "Nipe simu. Nimpate mumeo."

Raya alipiga, akamwekea sikioni. Tulimsikia mkwewe akimsalimu kwa Kiarabu kirefu cha heshima. Bi Mwalimu alimwacha amalize, ndipo akamjibu kwa sauti ile ya barazani pa skuli, iliyokuwa ikinyamazisha madarasa yote kwa mara moja.

"Mwanangu, umesema neno ni langu. Basi nakwambia, na nduguzo wasikie. Mimi bibi yake nimeridhia. Atakwenda." Alisikiliza kidogo. "Najua nilimkatalia mkeo. Nilikosea. Hilo nalo waambie."

Akairudisha simu, akaegemea, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka kwelikweli. Alibaki ameushika mkono wa binti yake, akiupapasa vidole kimoja kimoja.

"Ungekuwa daktari mzuri," akasema.

"Najua, mama," Raya akajibu.

Nilimshika Azza mkono, tukatoka nje, tukawaachia chumba.